Prof Kabla ya Poda

Jumapili, 1 Juni 2025

Leo nimepandishwa cheo kanisani, bila kuomba.

Apôtre Doudou, mchungaji wetu, alikuwa anatoa matangazo. Ndoa, msiba, kisha jambo lake kubwa: mwezi wa tisa kanisa linafungua chuo kikuu! Palepale uwanjani, nyuma ya kisima cha kanisa. Kuna vyumba vya matofali na nusu ya paa. Akanyoosha kidole kwenye benchi letu. "Na Mama Prof Léonie njo atakuwa professeur wa kwanza. Museme Amen." Kanisa zima likasema Amen. Na mimi nikasema Amen. Sikukubali kitu — mdomo umezoea tu. Ukisikia "museme" unafunguka wenyewe, kama mlango wa friji yetu.

Baada ya ibada nilimfuata. Nikamweleza kwa heshima kwamba mimi siyo prof, mimi ni chef de travaux, mwalimu wa ngazi ya chini ya prof, tasnifu yangu ya doctorat naitetea tarehe 21, na hata nikipita bado sitakuwa prof. Akanishika bega. "Mama, mbele ya Mungu hakuna chef de travaux." Kisha akanikumbusha kwamba Amen yangu aliisikia vizuri.

Paulin amecheka njia nzima hadi nyumbani. Mume gani huyu? Na yeye huniita Prof, lakini siku anazotaka nimpikie sombe, kisamvu chake, tu.

Jumatatu, 2 Juni

Naandika humu kwa Kiswahili ili kichwa kipumzike. Mchana kutwa ni Kifaransa: wanafunzi, maabara, tasnifu. Mama akikasirika ni Tshiluba. Daftari hili ndilo kiti changu cha kukalia.

Jioni Mama Albertine, mama yangu mzazi, alikuwa anachambua maharage akataka nimweleze tena habari ya vyeo. Kila mwaka namweleza, kila mwaka anataka tena.

"Sasa ku kazi wiko nani?"

"Chef de travaux, Mama."

"Na kisha kutetea, ile soutenance?"

"Docteur."

"Kisha njo prof."

"Bado. Ministre anatia sinyatire, banakuwa professeur associé. Kisha professeur. Kisha professeur ordinaire. Pale njo mwisho."

Aliacha maharage. "Mutu anapanda bile byote, anafika kule yulu, banamwita ordinaire, wa kawaida?"

Paulin alimwaga chai. Lakini Mama hakuwa anatania. Mtaa mzima huniita Prof, muuza mkate, jirani, hata binti yetu Syntiche mbele ya rafiki zake. Kila mmoja namsahihisha na hakuna anayesikia. Mama peke yake hajawahi kuniita hivyo. Leo amerudia: "Miye nitakuita Prof siku nitakumwangia poda. Mbele ya pale wiko Léonie."

Poda yenyewe iko juu ya kabati. Kopo la talc alilinunua nilipoandikishwa doctorat, apate kunimwagia kichwani mlangoni mwa chuo, kama familia zote zinavyofanya mtu wao akishapita. Jury ya watahini inatamka, poda inamwagwa, mtu anatembea mweupe barabarani ili wote wajue. Kopo limehama nyumba pamoja nasi. Marashi yake nadhani yalikwisha zamani.

Alhamisi, 5 Juni

Mazoezi na promota wangu, msimamizi wa tasnifu, Profesa Gérard. Mzee mwema, mpole, anasahau miwani kichwani mwake. Mwisho wa mwaka anakwenda pensheni.

Tasnifu yangu ni maji ya visima vya Kampemba, upande wa kanisa letu — yamebeba madini gani, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Nimevuta ndoo mpaka mikono ikawa ya mwashi. Karibu visima vyote vya ule upande vina shaba na mengine yasiyofaa tumboni. Ila kimoja. Katikati ya wenzake wabaya, kipo kisima safi, mwaka hadi mwaka. Na lazima kiwe cha nani? Cha Apôtre Doudou! Yeye anasema ni maombi. Mimi nilijaribu mwamba, nikajaribu kina, nikajaribu tabaka la udongo wa mfinyanzi la kuzuia madini. Kila maelezo yanakwenda vizuri hadi kipimo kimoja, kisha yanaanguka.

Promota anasema nichague udongo wa mfinyanzi na nisimame hapo kwa sauti kubwa. "Ukisema hauyue, Nzanzu atakukula." Nzanzu ndiye mjumbe wa jury ninayemwogopa. Anatoka Butembo, hacheki, na watu wanasema hata kwenye harusi yake aliuliza pasta swali la nyongeza.

Kwa hiyo udongo wa mfinyanzi. Bon. Nimeusema mbele ya kioo mara kadhaa. Kioo kimekubali.

Jumamosi, 7 Juni

Naenda soko, nainua macho — nakutana na mimi mwenyewe.

Doudou ametundika calicot barabarani, kitambaa cha plastiki kutoka nguzo hadi nguzo. Picha ni yangu, ile ya harusi ya mdogo wa Paulin, na wigi lile nililolijutia. Chini yake kwa herufi nyekundu: PROF. DR. LÉONIE AMETHIBITISHA: MAJI YA KISIMA CHETU NI SAFI. KARIBU CHUO KIKUU CHETU.

Prof. Dr.! Siku kumi na nne kabla ya jury! Cheo sina, udokta sina, na nilichothibitisha ni kwamba sielewi kitu.

Wamama wa soko wamefurahi kuliko mimi. Yule wa nyanya amekataa kunipunguzia. Prof analipa bei ya prof, anasema.

Jumapili, 8 Juni

Nilikwenda ibada na hotuba yangu tayari mdomoni. Doudou hayupo. Amekwenda Kambove kuhubiria wachimbaji, simu yake imezimwa. Mlinzi wa kanisa anasema hana ruhusa ya kugusa calicot. Upepo wa kiangazi unaipepea, na mimi juu yake natabasamu kama mgombea ubunge.

Jumatatu, 9 Juni

Nzanzu ameona.

Dada yake mkubwa, Mama Kasoki, ana depo ya mchele na maharage mkabala na kanisa. Kila Jumapili Nzanzu anakwenda kumsalimu. Akatoka kwenye gari, akainua kichwa, basi. Asubuhi hii amempigia promota: kama huyu mama ameshakuwa Prof na Docteur, mimi niende kumwuliza nini? Calicot ikiendelea kuwepo, yeye hakai kwenye jury. Asipokaa, jury haitimii. Jury isipotimia, tarehe inakufa, promota anakwenda pensheni, na mimi natafuta mwingine nianze upya. Wenzangu walioanza upya nawafahamu. Bado wanaanza.

Nimelia. Ndani ya choo, bomba limefunguliwa ili Syntiche asisikie. Nimepoteza maji mengi safi kwa ajili hiyo. Miaka yangu yote ya ndoo na kamba, na kinachoniua ni wigi barabarani!

Jumanne, 10 Juni

Nimempata Doudou kwa simu. Nyuma yake watu wanaimba. Nimemwomba aamuru calicot ishuke leo. Anasema kushusha ni kurudi nyuma, na shetani anapenda watu wanaorudi nyuma. Nimemwambia kujiita prof wakati siyo prof ni kosa, na anayeadhibiwa ni mimi. Hapo akawa mpole, akaniuliza swali la kweli.

"Mama, nani anafanyaka mutu prof? Ni karatasi? Na miye niko na karatasi."

Anayo, ndiyo. Docteur Apôtre Doudou, doctorat ya institut fulani ya kwenye internet, ilikuja kwa WhatsApp, akaichapisha kwa rangi. Mimi, mwalimu! Nikasema mtandao unakatika, nikakata.

Jibu limekuja nikiosha sufuria, kama kawaida, wakati hakuna wa kumpa. Karatasi yake hakuna mtu aliyeweza kumnyima. Yangu kuna watu watakaokaa mezani, na kila mmoja ana haki ya kusema hapana. Ndiyo maana "ndiyo" yao inanitetemesha. Nimemwambia Paulin. Akasema ni nzuri sana, Mama Syntiche, na sufuria ile bado ina masizi chini.

Jumatano, 11 Juni

Calicot imeshuka!

Nimerudi kutoka kazini nikakuta makaa yetu ya kupikia yamefunikwa vizuri nyuma ya nyumba, na juu ya makaa uso wangu. Mama ameketi karibu, anakula karanga.

Alikwenda asubuhi na kisu cha kukatia nyama. Mlinzi akamzuia. Mama akamwambia, "Ni Prof njo alinituma," na mlinzi akaenda mwenyewe kuleta ngazi.

"Mama! Si ulisema hauniite Prof?"

"Sikukuita. Nilikutumia."

Sijui nicheke au nitubu. Nimecheka. Kisha nimegeuza calicot, upande wa sura chini. Sipendi kuangaliwa na makaa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda ofisini kwa Profesa Nzanzu. Promota aliniambia nisiende. Lakini kuogopa nyumbani kunachosha.

Hakuniambia nikae. Nikamweleza nikiwa nimesimama: matangazo, kidole, Amen, calicot, kisu cha Mama. Sehemu ya kisu aliinua macho. Tulikuwa tunaongea Kifaransa, kisha ghafla akahamia Kiswahili, kile cha kwao Butembo, taratibu.

"Juu ya nini ulisema Amen?"

"Bote balisema, Professeur."

"Na siku ya jury promoteur yako atasema Amen. Miye nitaangalia weye utasema nini."

Akafungua tasnifu yangu. Kuna mahali alikuwa ametia kijiti cha kiberiti. Nimeona ni pale pa kisima. Akafunga, akasema atakuja tarehe 21, akaniambia nifunge mlango kwa sababu ya baridi.

Anakuja! Na ameona kwamba udongo wangu wa mfinyanzi umesimama kwa mguu mmoja.

Jumapili, 15 Juni

Doudou amerudi kutoka Kambove. Ametangaza madhabahuni kwamba adui ameiba calicot ya Bwana, lakini chuo kikuu kitafunguliwa tu. Museme Amen.

Nimebana meno. Midomo ilitaka, nimeikatalia. Paulin amekohoa hadi akatoka nje. Amen kubwa kuliko zote ilitoka kushoto kwangu, kwa Mama Albertine, macho yamefumbwa, mikono juu.

Jumatano, 18 Juni

Promota: udongo wa mfinyanzi, Léonie, kwa sauti kubwa. Nimesema sawa, Professeur. Kioo cha nyumbani leo hakikukubali.

Ijumaa, 20 Juni

Nyumba imejaa vitunguu. Madada wa Paulin wamekuja kupika, bukari, yaani ugali wa kesho, inazungumziwa kama vita. Mama amepiga pasi pagne yake mpya ya kitenge, kisha akapanda kiti akashusha kopo juu ya kabati. Akalifuta vumbi kwa kanga yake ya kiunoni. Akalitikisa sikioni. Bado imo.

Paulin amemwomba, kwa upole wa mkwe: Mama, poda ni kisha jury kutamka, siyo mbele. Mama akamwuliza kama yeye ni mtoto.

Nina hofu ya wazi. Siyo ya kukataliwa tu. Naogopa kupita kwa kitu ambacho najua si kweli, kisha kuitwa Prof maisha yangu yote, na kila mara kusikia kisima kile kinacheka chini kabisa. Basi. Kulala.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika varandani, nje ya salle, ukumbi wa chuo. Jury imebaki ndani inajadiliana. Sisi wote tumetolewa. Nimeomba nikae peke yangu kidogo na daftari. Kurasa zinashika weupe, nitaeleza.

Nilianza vizuri. Ramani, ndoo, vipimo. Salle imejaa, kanisa nusu limekuja, Doudou mstari wa mbele na suti ya rangi ya divai. Mama nyuma yake, amekalia kitu kilichokunjwa — calicot, Mungu wangu, ameileta ili benchi lisiitie vumbi pagne yake! Uso wangu uko chini, namshukuru.

Wajumbe wakauliza, nikajibu. Nikaanza kufurahia hata. Kisha Nzanzu akafungua pale penye kijiti. Madame, kisima hiki. Jirani zake wote wabaya, chenyewe safi. Umeandika udongo wa mfinyanzi. Vipimo vyako vya mvua vinakubali?

Havikubali. Yeye anajua, mimi najua. Promota alikuwa ananitikisia kichwa kwa nguvu: sauti kubwa, sauti kubwa! Nzanzu akauliza pia, bila kucheka, kama basi ni maombi. Salle ikacheka. Doudou akasema Amen.

Nikafungua mdomo, udongo wa mfinyanzi uko tayari kwenye ulimi. Nikamwona Nzanzu ameshika kalamu na ananiangalia tu.

Nikasema: "Je ne sais pas, Professeur."

Sijui, basi. Nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanguka tayari. Nikasema nilijaribu mwamba, ukavunjika hapa. Nilijaribu kina, kikavunjika hapa. Udongo unavunjika kwenye mvua, sikupaswa kuuandika kama jibu. Maombi sina chombo cha kuyapimia. Kisima ni safi na sijui sababu, ila najua sasa ni wapi pa kuchimba ili kuijua.

Promota aliangalia dari. Nzanzu akaandika. Akaandika tena. Hakuuliza kitu kingine. Hakuna aliyejua kama hiyo ni heri au ni kaburi, nami sijui hadi sasa. Rais wa jury akasema watu watoke.

Nimetoka watu wananishika mikono, pole, hongera, wengine yote mawili. Promota amepita karibu yangu akasema tu, "Léonie, Léonie." Doudou amenishauri nisikubali tena kushindwa hadharani, mtu wa Mungu ana jibu siku zote. Ndipo nikahisi baridi kichwani. Kisha shingoni. Kisha siwezi kuona.

Poda! Kopo zima! Nanusa — marashi hayakwisha, yananukia bado. Mama yupo mbele yangu na kopo tupu, pua yake na yenyewe nyeupe.

Paulin ameshika kichwa. "Mama, bado! Bao banadelibere!"

"Bao badelibere," Mama akajibu. "Miye nimemaliza."

Nikamwambia, kwa sauti ndogo, Mama, hukuelewa. Kule ndani nimeulizwa swali kubwa kuliko yote nikasema sijui. Wanaweza kunikata kwa lile.

"Niliyua. Ile Kifaransa ya 'je ne sais pas' niliyua." Alikuwa ananipangusa macho kwa ncha ya pagne mpya. "Ba prof, nilionaka mingi. Bote banasema banayua. Weye ulisimama mbele ya bantu bote, mbele ya ule Nzanzu mukali, na Doudou wako pale, ukasema ile neno. Haukutetemeka."

Nilitetemeka, Mama. Ila sikumwambia. Nimekuja kukaa huku niandike kabla sijalia, kwa sababu machozi na poda ni ugali.

Ndani sauti zinapanda. Moja ni ya promota, sikuwahi kuisikia ikiwa kubwa hivyo. Nyingine ni ya Nzanzu, haipandi. Viti vinaburutwa. Mama amekuja kusimama karibu. Anainyoosha kola yangu, ambayo haina tena la kunyooshwa.

"Ingia, Prof," amesema. Polepole, kama mtu anayejaribu kiatu.

Nimefungua mdomo nimsahihishe. Bado Mama, hata nikipita ni docteur kwanza, kisha ministre, kisha associé —

Mlango umefunguka. Apariteri, yule anayeita watu, ananiangalia kichwa hadi miguu, mweupe wote huu, anageuka kwanza ndani kana kwamba kuna tangazo lililompita. Kisha anaita jinsi sheria inavyotaka:

"Candidate!"

Mtahiniwa: ndilo jina langu, hilo. Nampa Mama daftari anishikie.